Fundi marumaru katika Jiji la Sanaa na Sayansi, Valencia

Wageni wengi wakifika kwenye Jiji la Sanaa na Sayansi, mkusanyiko wa majengo ya maonyesho mjini Valencia, Hispania, husimama mbali ili jengo zima liingie kwenye simu. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye ukuta uliokuwa karibu, nikaugonga kwa kifundo cha kidole, nikasikiliza. Ndivyo tunavyopima kazi sisi mafundi marumaru, yaani wabandikaji wa vigae. Kigae kilichoshika hutoa mlio mfupi na mzito. Ambacho hakijashika hulia kama debe tupu, na hapo unajua siku zake zinahesabika. Ule ukuta ulilia vizuri. Nikasogea kulia kidogo, nikagonga tena.

Naandika haya hasa kwa mafundi wenzangu wa Dar, ingawa yeyote aliyewahi kujenga nyumba akalipia marumaru atanielewa. Sehemu ile imeandikwa sana na watu wa majengo na watu wa utalii. Sijaona iliyoandikwa na mtu anayepiga magoti na mwiko mkononi.

Kilichonipeleka Hispania ni maonyesho ya marumaru yanayoitwa Cevisama, mwishoni mwa Februari 2025. Hispania ni miongoni mwa nchi zinazotengeneza marumaru nyingi zaidi duniani, na viwanda vyake vingi viko Castellón, kaskazini kidogo tu ya Valencia. Tajiri wangu huleta makontena Dar, na safari hiyo akasema, "Wewe ndiye unayezibandika, twende ukazione zinakozaliwa." Maonyesho yenyewe nitayaandikia siku nyingine. Itoshe kusema kwamba kwenye banda moja nilimkuta mzee wa Castellón aliyefanya kazi ya vigae tangu ujana wake. Tulielewana kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga na kwa mikono. Alinionyesha namna ya kuvunja kigae kwa koleo ili kitoe vipande visivyofanana lakini vinavyokubali kukaa pamoja. Kazi hiyo wanaiita trencadís. Unavunja kigae kizima, halafu unavipanga vile vipande kwenye sehemu iliyopinda ambayo kigae kizima kisingeweza kuifuata. Huko Barcelona, msanifu Antoni Gaudí aliitumia sana, na ukienda bustani ya Park Güell unaikalia kwenye benchi. "Ukitaka kuona kigae kinavyopambana na jua," yule mzee akaniambia, "shuka mtoni."

Nikashuka mtoni.

Nasema mtoni, lakini maji hayamo. Niliteremka ngazi karibu na minara ya Serranos, lango la kale la mji lililojengwa mwishoni mwa karne ya 14, nikajikuta chini kabisa ya usawa wa barabara. Kuna michungwa, mitende, viwanja vya mpira, watu wa baiskeli, wazee wanaotembeza mbwa. Juu yako yanapita madaraja ya mawe, makubwa, yaliyojengwa kuvuka mto Turia ambao haupiti hapo tena. Tarehe 14 Oktoba 1957 mto huo ulifurika na kuua watu wasiopungua 81. Baada ya hapo serikali ikaamua kuuhamisha mto wenyewe. Ukachimbwa mkondo mpya upande wa kusini mwa mji, na huu wa zamani ukabaki mkavu katikati ya nyumba za watu. Wakubwa wakapanga kupitisha humo barabara kuu ya magari. Wakazi wakakataa, wakasema mkondo ni wao na wanautaka uwe wa kijani. Mwaka 1976 Mfalme Juan Carlos aliikabidhi manispaa ardhi hiyo, na kidogo kidogo ikawa bustani. Leo ina urefu wa takriban kilomita 9.

Mtu wa Dar hawezi kutembea humo bila kuiwaza Jangwani, bonde letu la mto Msimbazi. Nimewahi kusimama upande wa Magomeni nikiwa na vifaa vyangu begani, barabara imefungwa, Msimbazi umepanda hadi darajani, na mteja yuko ng'ambo ananipigia simu. Kwa hiyo ile bustani sikuiangalia kama pambo. Niliiangalia kama kazi ya watu waliofiwa, ambao baadaye waliulizwa ardhi ile iwe ya nani, na wakajibu kwa sauti.

Ukitembea kuelekea baharini, majengo yanatokea polepole nyuma ya miti. La kwanza ni Palau de les Arts Reina Sofía, jumba la opera, lenye urefu wa mita 75 kwenda juu, lililofunguliwa Oktoba 2005. Yanafuata Hemisfèric, ukumbi wa sinema na sayari uliofunguliwa mwaka 1998. Umbracle, bustani iliyoezekwa kwa matao. Jumba la makumbusho ya sayansi. Daraja la Assut de l'Or lenye nguzo ya mita 125. Àgora, ukumbi wa buluu. Na mwisho kabisa Oceanogràfic, nyumba ya viumbe wa baharini. Karibu yote ni kazi ya Santiago Calatrava, mzaliwa wa hapohapo Valencia, aliyesomea usanifu nyumbani kisha uhandisi kule Zürich. Kila kitu ni cheupe, kimepinda, kimezungukwa na maji ya kina kifupi. Haishangazi kwamba watengenezaji wa filamu za karne zijazo huja kupiga picha pale. Kwa kweli unaona umefika mahali ambapo kalenda imetangulia.

Lakini mimi nilikuwa na ukuta wangu wa kuugonga.

Ganda la nje la Palau ni la chuma. Juu ya chuma hicho walibandika vipande vya kauri nyeupe, trencadís, eneo kubwa sana, ili jengo ling'ae. Sasa nawaomba mafundi wenzangu tulifikirie hili taratibu. Chuma kikipigwa na jua hutanuka. Usiku hunywea. Kauri nayo hutanuka, ila kidogo kuliko chuma, na asili yake si ya kunyumbulika. Kwa hiyo kila siku kitu cha chini kinavuta huku na cha juu kinang'ang'ania hapohapo, na katikati yao kuna tabaka jembamba la gundi linalosuluhisha ugomvi. Jua la Valencia wakati wa kiangazi ni kali kweli. Zidisha siku hizo kwa miaka minane.

Kwanza ngozi ya jengo ilianza kujikunja, watu wakaona mabonge na mikunjo kwenye weupe. Kisha mwishoni mwa Desemba 2013, siku za upepo mkali, vipande vikaanza kuanguka. Jengo likafungwa kwa muda, maana kauri inayoanguka kutoka juu vile inaua. Mwishowe waliubandua weupe wote, wakalifunika jengo upya kwa njia nyingine ya kuushikisha. Gharama walibeba wajenzi na msanifu. Hilo la mwisho nimelipenda sana. Kwetu kazi ikifumuka, mara nyingi lawama huishia kwa fundi wa mwisho aliyeonekana na mwiko, hata kama gundi ilichaguliwa na mwingine kwa sababu ya bei.

Kila fundi wa Dar anaujua ugonjwa huu. Umebandika kibarazani au juu ya paa la zege, marumaru kubwa, nyeusi, mteja anataka zigusane pasionekane mstari. Miezi michache, jua la Januari linapiga, unaitwa: zimeinuka katikati kama hema, mbili zimepasuka. Marumaru haikuwa mbovu. Ilikosa pa kwenda. Haikuachiwa nafasi ya kutosha kati ya moja na nyingine, haikuachiwa nafasi ukutani, na udongo wa kubandikia uliwekwa kwa madonge manne kwenye pembe badala ya kupakwa wote na kuchanwa kwa mwiko wa meno. Mteja akisema nafasi zinachafua sura, mwambieni kuna jumba la opera Ulaya, la mamilioni mengi, lililobanduliwa ngozi yote kwa sababu kitu cha chini na cha juu havikuelewana kwenye jua.

Baada ya hapo nilipanda Umbracle, na nikakaa humo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kuingia ni bure. Ni njia ya mita 320, juu yake matao meupe yamepangwa moja baada ya jingine, na chini yake mitende, mrosmari, mrujuani na mabugenvilia. Chini zaidi, usipopaona, ni maegesho ya magari, na mabomba ya kutolea hewa ya maegesho hayo wameyavika trencadís yakawa sanamu. Mabenchi na kingo nazo vilevile. Hapa sasa unaweza kuikaribia kazi kabisa, ukaweka pua. Nilipitisha kiganja kwenye mkunjo wa ukingo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho nikitafuta kipande kilichochomoza. Nilikipata kimoja tu, na hicho kilikuwa kimewekwa baadaye, grauti yake, ile saruji ya kujazia mapengo, ni nyeupe zaidi ya jirani zake. Mtu aliyekirudishia alichagua kipande chenye pembe tano kizibe pengo la pembe tano. Angeweza kujaza grauti tu na hakuna mtalii ambaye angejua. Nilimheshimu mtu huyo. Jina lake halipo kwenye kibao chochote, na kazi yake nimeigusa.

Upande wa pili wa maji ni makumbusho ya sayansi, yaliyofunguliwa mwaka 2000, jengo la mita 220 ambalo nguzo zake zimejipanga kama mbavu. Kauli yao ni kwamba ni marufuku kutogusa. Kwa kweli niliwaona watoto wa shule wakishika kila kitu, wakivuta kamba, wakibishana mbele ya pendulamu inayoonyesha kwamba dunia inazunguka. Nilitamani kila mwanafunzi wa VETA, vyuo vyetu vya ufundi stadi, apitishwe humo asubuhi moja. Jioni yake ingekuwa ya maswali.

Lakini jambo lililonibadilisha mawazo halikuwa la Calatrava. Lilikuwa mwisho kabisa wa eneo, Oceanogràfic, kwenye mapaa mawili ya zege yaliyochorwa na msanifu Félix Candela. Huyu alizaliwa Madrid mwaka 1910, akapigana upande wa Jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, wakashindwa, akawekwa kambini Ufaransa, na mwaka 1939 akafika Mexico kama mkimbizi. Huko ndiko alikojenga jina, kwa mapaa membamba ya zege. Mgahawa wake wa Los Manantiales, Xochimilco, wa mwaka 1958, una paa la unene wa takriban sentimita 4 tu. Sentimita 4! Mapaa ya Oceanogràfic aliyachora uzeeni, kwa mji wa nchi aliyoikimbia, akafariki mwaka 1997 kabla hayajamalizika.

Ukiyatazama yamepinda kila upande kama yanataka kuruka. Siri yake ni kwamba umbo lile linaweza kutengenezwa kwa mistari iliyonyooka. Chukua mbao zilizonyooka, zipange moja baada ya nyingine, kila moja ikiinama kidogo kuliko iliyotangulia, na mbele ya macho yako uso unapinda bila ubao hata mmoja kupindishwa. Fundi seremala wa kawaida anaweza kuandaa fomu za kumwagia zege la namna hiyo. Na umbo lenyewe ndilo linalobeba mzigo, ndiyo maana zege halihitaji kuwa nene. Nilizunguka lile paa la mgahawa kutoka kila pembe. Hakuna kilichobandikwa kuficha kitu. Mimi ninayeishi kwa kubandika nasema hivi kwa moyo mmoja: kati ya majengo yote ya pale, hilo ndilo ningependa kulijua lilivyojengwa hatua kwa hatua, na ningelipa nauli tena kumsikiliza aliyeshika zile mbao.

Ndani ya Oceanogràfic kuna lita milioni 42 za maji, kuna handaki la kioo ambamo papa wanapita juu ya kichwa chako, na kuna nyangumi weupe wa beluga. Wawili kati yao waliletwa Juni 2024 kutoka Kharkiv, Ukraine, wakiokolewa kutoka kwenye vita. Nilisimama mbele ya kioo chao pamoja na mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni kwa kanga, kabisa kanga. Tukasalimiana kwa Kiswahili. Anatokea Bukavu, anaishi Hispania na mumewe. "Kaka, hata nyangumi wanakimbia vita," akaniambia. Tukanyamaza wote wawili, kisha akaniuliza kama Dar kuna baridi, akacheka.

Yeye ndiye aliyenionyesha mahali ambapo marathoni ya Valencia humalizikia. Kila mwaka huweka jukwaa la buluu juu ya lile bwawa lililo kando ya makumbusho, na wakimbiaji humalizia juu ya maji. Tarehe 4 Desemba 2022, Kelvin Kiptum wa Kenya, kijana aliyetimiza miaka 23 siku mbili kabla, alikimbia marathoni yake ya kwanza akaimaliza pale kwa saa 2:01:53. Nyuma yake akaingia Gabriel Geay wetu, 2:03:00, muda ambao hakuna Mtanzania aliyewahi kuukimbia kabla yake. Kiptum tulimpoteza kwa ajali ya gari Februari 2024. Jukwaa halikuwepo nilipokwenda, ni maji tu na mitumbwi midogo ya kukodi, lakini nilipiga picha na kuituma kwenye kundi letu la vijana wa Tabata wanaokimbia alfajiri. Simu haikutulia mpaka usiku.

Kuna jingine ambalo lazima niliseme. Nilifika Valencia miezi minne tu baada ya mafuriko ya tarehe 29 Oktoba 2024, yaliyoua zaidi ya watu 220 katika mkoa ule. Katikati ya mji hapakuguswa, kwa sababu ule mkondo mpya wa Turia ulifanya kazi iliyochimbiwa. Wengi wa walioangamia ni wa miji ya kusini mwa mkondo: Paiporta, Catarroja, Benetússer, Alfafar na mingine. Siku zilizofuata maelfu ya vijana walivuka daraja la waenda kwa miguu wakiwa na mafagio na makoleo kwenda kusomba tope. Na serikali ya jimbo ilipoamua kuwapanga watu wa kujitolea, iliwakusanya hapahapa, kwenye Jiji la Sanaa na Sayansi. Walipanga foleni kati ya haya majengo meupe tangu alfajiri wakisubiri mabasi, wamevaa mabuti ya mvua. Tangu nilipojua hilo, picha ya mahali pale kwangu si ile ya kwenye kalenda za utalii.

Wenyeji wengi wana hasira na gharama, na sioni kwa nini wasiwe nayo. Mradi ulivuka makadirio yake kwa mbali, ukapita euro bilioni 1. Mwanzoni ulipangwa mnara wa mawasiliano. Serikali ya jimbo ikabadilika mwaka 1995, kazi ikiwa imeshaanza, mnara ukafutwa na jumba la opera likachukua nafasi. Àgora ilifunguliwa mwaka 2009 na kwa miaka ikakosa kazi ya kudumu, hadi mwaka 2022 ilipokuwa kituo cha utamaduni cha CaixaForum. Fundi yeyote anajua mteja anayebadili ramani katikati ya kazi anavyokula fedha. Tofauti ni kwamba hapa mteja alikuwa akitumia za wengine. Hata hivyo nilikaa pale hadi jioni na sikuwaona watalii peke yao. Niliona familia, wasichana wanaojifunza kucheza wakijitazama kwenye vioo vya jengo, mzee anayeuza horchata, kinywaji baridi kinachokamuliwa kutoka kwenye viazi vidogo vya mizizini vya mmea wa jamii ya ndago. Ndugu wa ndago tunayoing'oa mashambani kwa hasira! Kinywaji hicho ni kitamu, kina ladha ya maziwa na lozi. Kunyweni mkipata nafasi.

Atakayekwenda, achukue ushauri wangu: asianze na tiketi. Ashuke kwenye bustani ya Turia akatembee hadi yalipo majengo, kisha apande Umbracle bila kulipa, kisha ndipo aamue kama ataingia Oceanogràfic. Akichoka, reli ya mjini namba 10 ina kituo karibu kabisa na inamrudisha katikati ya mji. Na aguse kuta.

Usiku ule hotelini nilimweleza tajiri habari ya ngozi ya jumba la opera. Nilimwambia kwenye kontena lijalo aweke mifuko ya gundi inayonyumbulika kwa ajili ya kazi za nje, vibaraza, mapaa na kuta zinazotazama magharibi. Akasema ni ghali, wateja wa Kariakoo watakimbilia ya kawaida. Tulibishana hadi saa tano. Mwisho amekubali kuleta kidogo kwa majaribio, kwa sharti kwamba mimi ndiye nitakayewaeleza wateja. Mifuko imefika. Kazi ya kwanza ni paa la ghorofa moja Mbezi, marumaru nyeusi, jua siku nzima. Nimemwachia mteja nafasi za milimita 5 na amenung'unika. Nitarudi kuligonga mwezi Februari.